Mtarajali na Chama cha Wafanyakazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Kila kundi jipya la madaktari watarajali, yaani waliomaliza chuo na wako kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo, linaposhuka hospitali ya Ligula hapa Mtwara au ya Sokoine kule Lindi, maswali huwa yaleyale, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, usiku, wodi ikishatulia. Mimi ni daktari niliyeajiriwa na ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kwa hiyo usinisome kama refa. Ninapotaja sheria, naitaja ilivyo. Maoni yangu utayajua tu.

Mtarajali ni mfanyakazi au bado ni mwanafunzi?

Ubishi wote unaanzia hapa. Miaka mitano ya chuo umemaliza, joho umevaa, nyumbani wameshachinja. Ila usajili uliopewa na Baraza la Madaktari Tanganyika ni wa muda, na ule kamili unausubiri mpaka miezi 12 ya mafunzo kwa vitendo iishe. Unacholipwa kinaitwa posho. Cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye mishahara ya serikali, huna. Ajira yenyewe utaiomba baadaye, ukipanga foleni na wenzako kwenye mfumo wa maombi. Ukitazamwa hivyo, wewe ni mwanafunzi tu, koti ndilo jipya.

Sasa jitazame saa tisa usiku, wodi ya wazazi. Mama ameletwa kutoka Nanyamba, amejifungulia njiani, damu haikati. Anayemwekea dripu mikono yote miwili ni wewe. Anayekanda mfuko wa uzazi huku sista akivuta oksitosini ni wewe. Anayempigia daktari bingwa simu ni wewe, na simu ikiita bila kupokelewa, anayekimbilia maabara kuulizia damu ni wewe tena. Asubuhi kwenye raundi, swali la "huyu alipewa nini, saa ngapi" halitafuti mtu mwingine.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema anayemfanyia mwingine kazi achukuliwe kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa walau kigezo kimoja kati ya kadhaa kipo: saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi, vifaa vya kazi anapewa, anamtegemea huyo mwingine kiuchumi, au amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Mtarajali aliyepangwa upasuaji anazimaliza kabla wiki haijaisha. Wanasheria watabishana kuhusu posho na mkataba wa mafunzo, na wabishane. Kwangu mimi, wewe ni mfanyakazi ambaye bado anajifunza, na hakuna kati ya hayo mawili linalolifuta lingine.

Ubishi huu si wa kwetu peke yetu. Marekani bodi ya taifa ya uhusiano kazini iliamua mwaka 1976, katika shauri la hospitali ya Cedars-Sinai, kwamba madaktari walio mafunzoni ni wanafunzi. Mwaka 1999, katika shauri la Boston Medical Center, bodi hiyohiyo ikageuka na kusema ni waajiriwa. Miaka 23 ilipita katikati, na kazi ya usiku wodini ilikuwa ileile.

Kwa hiyo sheria inaniruhusu kujiunga?

Ndiyo. Ibara ya 20 ya Katiba inatoa uhuru wa kujumuika. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 9, inampa kila mwajiriwa haki ya kuanzisha na kujiunga na chama. Tanzania iliridhia Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa uhuru wa kujiunga na vyama, mwaka 2000. Walioachwa nje ya hiyo Sheria ya Ajira ni askari: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na JKT. Koti jeupe halimo kwenye orodha.

Mimi tayari niko MAT. Si inatosha?

Hapana, ingawa usitoke MAT. Chama cha Madaktari Tanzania ni chama cha taaluma. Kinasimamia maslahi ya taaluma, kinaendesha makongamano, kinatoa tamko linapohitajika, na sauti yake inasikika. Ila mkataba wa hali bora za kazi, ule unaombana mwajiri kisheria, unasainiwa na chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri. Baraza la Madaktari nalo ni kitu kingine kabisa: lipo kumlinda mgonjwa dhidi yako, si kukulinda wewe. Nimeshakutana na watarajali wanaodhani vyote vitatu ni ofisi moja yenye milango mitatu.

Uingereza chama chao, BMA, ni taaluma na wafanyakazi kwa pamoja, ndiyo maana mwaka 2023 waliweza kuitisha migomo ya madaktari walio mafunzoni kwa jina lao wenyewe. Kwetu kofia hizo mbili zimetenganishwa.

TUGHE au TALGWU?

Inategemea ulipo. Hospitali za rufaa za mikoa, Ligula na Sokoine zikiwemo, zilihamishwa kutoka TAMISEMI kwenda Wizara ya Afya mwaka 2017, na huko TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, ndiyo wenyeji. Hospitali za wilaya, mfano Mkomaindo ya Masasi, ziko chini ya halmashauri, na huko utaikuta TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao, haki ya kujiunga ni ileile.

Mbona watarajali wengi hawataki hata kusikia?

Sababu ziko nyingi na si zote ni za woga.

Ya kwanza, na ndiyo nzito kuliko zote, ni "mwaka mmoja tu". Mtu anahesabu: miezi mitatu hapa, miezi mitatu pale, nasaini, naondoka zangu Dar. Chama cha nini? Hesabu hiyo inaeleweka kabisa kwa mtu mmoja. Ila ndiyo hiyohiyo inayofanya kila kundi lianze sifuri. Kundi la mwaka huu linalalamikia chumba cha kulala madaktari wa zamu, linaandika barua, linaahidiwa, linamaliza mwaka. Kundi linalofuata linakikuta chumba kilekile, linaandika barua ileile, na ofisini hakuna anayekumbuka ile ya kwanza, au anayetaka kuikumbuka. Mwajiri yupo miaka yote, mtarajali anapita. Binafsi naona hapa ndipo penye jibu la kwa nini chama kinahitajika, na cha ajabu ndipo penye sababu ya watu kukikwepa.

Ya pili ni kitabu cha mafunzo. Kila fani lazima bingwa asaini kwamba umefikisha idadi ya kazi ulizotakiwa kufanya na umezifanya inavyotakiwa. Saini ni moja, kalamu anayo yeye, na yeye huyohuyo mara nyingine ndiye unayemlalamikia. Hakuna haja ya mtu kukutishia. Unajitisha mwenyewe.

Ya tatu ni historia ya vyama vyenyewe. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoanzishwa 1955 na Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, lilikuwa na meno. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 lilivunjwa, ikaja NUTA iliyofungwa kwenye mkia wa serikali, baadaye JUWATA ndani ya chama tawala. Uhuru wa vyama ulirudi miaka ya 1990, lakini wazee wengi bado wanaona chama cha wafanyakazi ni ofisi ya serikali yenye bendera nyingine, na watoto wao wamelirithi wazo hilo bila kuijua habari yake.

Ya nne ni ya huku kwetu. Anayetoka familia ya korosho amekua akiona bei ya mnadani ni moja na inayofika mkononi kwa baba ni nyingine, katikati kuna AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), chama kikuu, ghala na ushuru. Mtu huyo ukimwambia kuhusu chama, swali lake la kwanza ni: wanakata ngapi? Na ana haki ya kuuliza.

Mwisho wako wazazi. "Mwanangu, umesomeshwa kwa shida, usituletee siasa." Mji huu uliona wanajeshi mitaani Mei 2013 wakati wa sakata la bomba la kupeleka gesi Dar. Mzazi wa Mtwara akisema nyamaza, hasemi kwa kusimuliwa.

Na wale wanaotaka kujiunga, huwasukuma nini?

Posho ikichelewa. Basi. Wanaoamini chama kabla hawajaguswa ni wachache sana. Mwezi wa kwanza kila mtu ni mpole. Mwenye nyumba Shangani au Chuno ameshachukua kodi ya miezi sita, hela ya kuanzia maisha imeisha, duka la Mangi linaandika daftarini, nauli ya bodaboda kwenda zamu ya usiku unakopa kwa nesi. Ikifika mwezi wa pili bila ujumbe wa benki, yule aliyekuwa akisema "mimi siasa sipendi" ndiye anayeandika aya ndefu kwenye grupu la WhatsApp saa saba usiku. Siku posho ikiingia, grupu linarudi kwenye vichekesho na matokeo ya mpira.

Ni kweli 2012 watarajali waliadhibiwa? Ilikuwaje hasa?

Ni kweli, na ni vizuri uijue yote kwa sababu huwa inasimuliwa nusunusu kutegemea msimuliaji yuko upande gani.

Januari 2012 watarajali wa Muhimbili waligoma wakidai posho zilizocheleweshwa. Wakaondolewa pale. Kuondolewa kwao ndiko kulikowasha moto, maana madaktari wengine walisimama nao, na jambo la malimbikizo ya posho likawa mgomo uliosambaa kwenye hospitali kubwa. Tarehe 9 Februari Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda mwenyewe kukutana na madaktari, na vigogo wawili wa Wizara ya Afya wakasimamishwa kazi. Hali ikatulia, lakini mezani sasa kulikuwa na orodha ndefu ya madai, ukiwemo mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5 kwa mwezi. Juni mgomo ukaanza tena, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikauzuia. Usiku wa Juni 26 Dk Steven Ulimboka, aliyekuwa akiongoza Jumuiya ya Madaktari, alitekwa, akapigwa vibaya, akakutwa ametupwa Mabwepande. Watarajali wengi walisimamishwa. Wagonjwa waliumia pia, na hilo nasi tulikubali.

Wanaotumia habari hii kumtisha mtarajali wanaruka kitu kimoja. Jumuiya ya Madaktari haikuwa chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa. Ilikuwa kamati iliyoundwa kwa hasira, kwa haraka, na watu jasiri. MAT ni taaluma. Hivyo katika mvutano mkubwa kuliko yote ambao madaktari wa nchi hii wamewahi kuwa nao na mwajiri wao, hapakuwa na chombo chao chenye haki ya kisheria ya kukaa mezani na kudai majibu. Watarajali waliingia vitani bila kuwa wanachama wa chochote. Ukiniuliza somo la 2012 ni "usijiunge", nitakwambia umesoma kitabu kikiwa kichwa chini.

Nikijiunga nitaruhusiwa kugoma?

Hapana, au karibu na hapana. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 77, inaziweka huduma za afya na maabara zake kwenye huduma za lazima, pamoja na maji, umeme, zimamoto na uongozaji wa ndege. Aliyeko kwenye huduma hizo hagomi, isipokuwa pawepo makubaliano ya kiwango cha chini cha huduma yaliyokubaliwa kisheria. Badala yake mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, jambo linakwenda kwenye uamuzi.

Watu wakisikia hivyo husema basi chama ni bure. Naona kinyume chake. Asiye na fimbo ya mgomo ndiye anayehitaji zaidi mtu anayejua njia ya CMA, fomu gani ijazwe na muda gani usipite.

Kiapo chetu kinakubali mambo haya?

Kiapo kinakukataza kumdhuru mgonjwa. Hakijakukataza kulala.

Nikiongeza: hoja ya wito huwa inatolewa sana na watu ambao mshahara wao unaingia tarehe ileile kila mwezi.

Kenya wamefikaje walikofika?

Wana KMPDU, chama cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno, kilichosajiliwa 2011, na watarajali wamo ndani ya madai yake. Mgomo wa kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 ulichukua siku 100, viongozi wa chama wakafungwa jela katikati yake, na mkataba wa pamoja wa 2017 ukaweka malipo ya mtarajali kuwa shilingi za Kenya 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali yao ilitaka kuwalipa watarajali 70,000. Chama kikagoma siku 56, Machi hadi Mei, na mwisho wa mwaka huo serikali ikakubali ile 206,000.

Usiinakili hivihivi. Sheria zao za mgomo si zetu, na siku 100 bila daktari kwenye hospitali ya umma ni siku ambazo maskini ndiye alizilipia. Ninachotaka ukione ni kwamba walipokuja kupunguziwa mwaka 2024 walikuwa na karatasi ya 2017 mkononi. Watarajali waliopigania karatasi ile walikuwa wameshakuwa mabingwa.

Makato ni kiasi gani, na yatakatwaje wakati sina mshahara?

Kiwango kilichozoeleka kwenye vyama vya watumishi wa umma ni asilimia 2 ya mshahara. Mwajiriwa hujaza fomu TUF 6 na mwajiri anakata. Ukibadili mawazo unatoa taarifa ya maandishi ya mwezi mmoja. Jua pia kwamba chama chenye wanachama wengi kuliko nusu kazini kinaweza kukubaliana na mwajiri kuwakata hata wasio wanachama ada ya uwakala, kwa kuwa nao wananufaika na majadiliano. Wengi hugundua hilo kwenye hati ya mshahara, wakakasirika.

Kwa mtarajali mtego uko hapa: mfumo wa makato umejengwa juu ya cheki namba. Kwa hiyo mara nyingi si kwamba mtarajali amekataa chama, bali hakuna aliyewahi kumletea fomu, kwa sababu katibu wa tawi akiangalia orodha ya mishahara jina lako halipo. Hili ni kosa la vyama, na nimelisema mkutanoni mbele ya viongozi wangu. Asiyekatwa anaonekana hayupo. Mwombe katibu wa tawi akueleze kwa maandishi kama tawi linakubali ada ya mkononi. Akikujibu kwa mdomo tu, mwombe tena.

Chama kitanipa nini zaidi ya fulana ya Mei Mosi?

Fulana na kofia, wakati mwingine saizi isiyokutosha. Dharau hii vyama vimejitakia.

Ila kuna kazi isiyoonekana. Mtarajali akiitwa kujieleza kwa sababu mgonjwa amefariki, kukaa pale peke yake ni tofauti na kukaa na mwakilishi anayeujua utaratibu wa nidhamu. Zamu zikipangwa mtu asubuhi, usiku na asubuhi tena, mwakilishi anaweza kufungua sheria mezani: saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 kwa kila wiki nne. Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, anaweza kujibu kwamba mtarajali si mwajiriwa, na hapo tunarudi swali la kwanza. Sawa, lakini angalau swali limeulizwa na mtu ambaye kitabu chake hakisainiwi na yeyote.

Bingwa akijua nimejiunga atanikatalia saini?

Sheria inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya chama. Najua jibu hilo halikutoshi, kwa hiyo hili la vitendo: kitabu kisainiwe kila wiki, usingoje mwisho wa fani. Piga picha kila ukurasa uliosainiwa. Na madai yapelekwe na kundi, kwa barua yenye majina yote, jina lako likiwa la kumi na saba. Na niwe mkweli kwa upande wa pili: mabingwa wengi ninaowajua wamepita njia hiihii na hawana muda wa kumwinda mtu. Wengine ni wanachama.

Posho haijaingia. Nianzie wapi, kesho asubuhi?

Anza na mratibu wa watarajali wa hospitali, kwa maandishi, nakala kwa Mganga Mfawidhi. Uliza kitu kimoja tu: fedha imeshafika hospitalini au bado iko wizarani? Jibu la swali hilo ndilo linalokuonyesha mlango wa kugonga, na watu wengi hupoteza wiki tatu wakimgombeza mhasibu ambaye hana kitu. Baada ya hapo tawi la chama, kisha MAT kupitia uongozi wao wa kanda. Msiandike mtandaoni kwa jina la hospitali mkiwa na hasira. Gonjwa la kupiga skrini na kusambaza halina dawa.

Nimechomwa na sindano zamuni. Hilo nalo ni la chama?

Kwanza osha kwa maji na sabuni, ripoti sasa hivi, anza dawa kinga za VVU mapema uwezavyo na kabla saa 72 hazijapita, umeze siku 28. Chama baadaye. Ila hakikisha tukio limeandikwa kwenye rejesta, na tarehe na saa. Nimeona mtarajali akimeza dawa alizopewa kirafiki, bila maandishi popote, na wiki ya pili anatapika na hakuna anayemruhusu kupumzika kwa sababu kwenye karatasi hakuna kilichotokea.

Makao makuu ya vyama yako mbali. Nani atatukumbuka huku?

Umbali ni kweli. Mei 2024 barabara ya Kilwa ilipokatika kwa mafuriko pale Somanga, kusini nzima ilikaa siku kadhaa bila basi la Dar. Lakini kwa upande wa chama umbali unapimwa na tawi, na tawi liko hospitalini kwako. Uchaguzi wa matawi hufanyika, nafasi huwa zinagombewa na watu wawili, watatu, na nimeuona mkutano ulioahirishwa kwa kukosa akidi huku watarajali kumi wakinywa chai nje ya dirisha.

Sisi maafisa tabibu tulio mafunzoni je?

Mengi ya hapo juu yanawahusu mkishaajiriwa. Mkiwa bado chuoni, Mtwara au Lindi, ninyi ni wanafunzi na mna serikali yenu ya wanafunzi.

Nikimaliza mwaka uanachama unaishaje?

Kama ulilipa ada ya mkononi, omba barua ya tawi inayoonyesha umelipa hadi lini. Ukiajiriwa unajaza TUF 6 upya kwenye kituo chako kipya, hata kama ni chama kilekile, kwa sababu mwajiri ni mwingine. Na kabla hujapanda basi, kabidhi faili: nakala za barua zote mlizoandika mwaka huo, na majibu mliyopewa, mpe mwakilishi wa kundi linaloingia. Akiwa bado hajachaguliwa, mwachie katibu wa tawi na umsainishe kwamba amepokea.